Je, sonona inaweza kuanzia tumboni? Mdogo wangu alibadilika baada ya dozi ya vidonda vya tumbo

#1 NyotaYaTandale
Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye ujuzi mnisaidie.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 24. Mwezi wa tatu alipima choo, akaambiwa ana wale bakteria wa vidonda vya tumbo. Akapewa dozi ya wiki mbili, antibiotiki aina mbili pamoja na kidonge cha kupunguza asidi. Alimeza zote na maumivu yakaisha. Lakini tangu hapo tumbo halijatulia, leo gesi, kesho kuharisha. Na kinachonitisha zaidi ni kwamba yeye mwenyewe amezimika. Alikuwa mtu wa kuimba akifua nguo. Sasa anakaa upenuni tangu asubuhi, hali, halali, ukimuuliza anasema "sijisikii chochote". Hospitali wamesema ni sonona, wameshamwanzishia vidonge.

Mama anasema kuna mkono wa mtu. Baba mdogo anasema ni uvivu. Mimi nimesoma mahali kwamba bakteria wa utumboni wanaweza kuvuruga akili. Kuna ukweli? Na kama tatizo ni tumbo, mbona kapewa dawa za kichwa?

#2 Mlei
Pole sana dada. Nakaa hapa kusubiri wajuzi.

#3 KaptenMashua
Ukweli upo, tena mkubwa. Serotonini, ile kemikali ya furaha, asilimia 90 inatengenezwa tumboni. Antibiotiki zimeua bakteria wake wazuri, kiwanda kimefungwa, furaha imekatika. Mpe mtindi kila siku na hivyo vidonge aachane navyo. Tumbo likipona na kichwa kitapona.

#4 MaabaraZamuUsiku
> KaptenMashua alisema: Serotonini, ile kemikali ya furaha, asilimia 90 inatengenezwa tumboni.

Kapteni, namba yako ni sahihi ila umefungia hesabu pabaya. Serotonini ya tumboni haiingii kwenye ubongo. Kuna ukuta kati ya damu na ubongo, na serotonini haiupiti. Kazi yake kule chini ni kusukuma chakula na mengineyo. Ubongo hujitengenezea yake.

Kinachovuka ukuta ni triptofani, malighafi ya serotonini, tunayoipata kwenye maharage, mayai, samaki, karanga. Na hapa ndipo kinga ya mwili inapoingia. Seli za kinga zikiwa vitani hutoa molekuli za ujumbe zinazoitwa saitokini. Saitokini huamsha kimeng'enya kinachoichepusha triptofani, badala ya kuwa serotonini ikawa kainurenini. Sehemu ya hiyo kainurenini huishia kuwa vitu vinavyosumbua seli za ubongo. Kwa hiyo tumbo na ubongo vinaongea kweli, ila si kwa kupakia furaha chini na kuishusha juu.

NyotaYaTandale, la muhimu kuliko yote: asiache vidonge ghafla. Kama vinamsumbua, arudi kwa daktari aliyempa.

#5 WaKisauni
Habari zenu kutoka Mombasa. Sisi huku tumezoea kuita mfadhaiko, lakini naona nyote mwaita sonona, haya.

Nataka mleta mada afikirie kitu kimoja. Ukishikwa na malaria, siku ya kwanza kabla homa haijapanda, wajisikiaje? Hutaki mtu. Hutaki chakula. Kitanda chakuita. Hata redio yakukera. Ukipona, yote yaondoka. Yule mdudu hakukuingia akilini kukufundisha huzuni. Ni kinga yako yenyewe iliyouambia ubongo: tulia, jikunyate, usitumie nguvu, tunapigana. Wataalamu wameichunguza kwa wanyama na watu, na mnyama mgonjwa hufanya vivyo hivyo, hujitenga na wenzake.

Sasa chukulia ile amri ya kujikunyata imetolewa na haifutwi, wiki sita, miezi sita. Mimi hivyo ndivyo ninavyouelewa mfadhaiko wa watu wengine. Sisemi wa wote.

#6 Mlei
Mkuu #5, hapo umenifungua macho. Kwa hiyo hata chanjo inaweza kufanya hivyo?

#7 MaabaraZamuUsiku
Inaweza, kwa saa chache. Watafiti wa Uingereza waliwachoma watu wazima wenye afya chanjo ya homa ya matumbo, wengine maji ya chumvi. Waliopata chanjo walishuka moyo kidogo kwa muda mfupi, na kadiri saitokini moja iitwayo IL-6 ilivyopanda ndivyo moyo ulivyoshuka. Baadaye wakarudi sawa. Jamani, msiache kuchanja kwa sababu ya bandiko langu.

Ushahidi mzito zaidi ni interferoni. Hii ni saitokini iliyokuwa inadungwa kutibu homa ya ini aina ya C na saratani fulani za ngozi. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani walichapisha kazi ya wagonjwa 40 wa saratani ya ngozi waliokuwa wanaanza interferoni. Nusu walipewa dawa ya sonona wiki mbili kabla, nusu kidonge kisicho na dawa. Waliopata kidonge kitupu, asilimia 45 waliangukia kwenye sonona kamili. Waliokingwa, asilimia 11. Hao walikuwa watu wenye akili timamu waliochomwa sindano ya saitokini, ile molekuli ya kinga, na wengi wakazama.

Ndiyo jibu la swali la mwisho la NyotaYaTandale. "Dawa ya kichwa" inaweza kusaidia hata pale mzizi unapokuwa mwilini.

#8 FundiBombaNjombe
Niwape kisa changu. Mwaka 2016 nilitibiwa TB, miezi sita. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nimekufa kabisa moyoni, sikutaka hata kuona wanangu. Nesi alikuwa ananiambia "TB inakuja na huzuni yake." Kufikia mwezi wa tatu nikaanza kucheka. Na nimesikia kwamba dawa ya kwanza ya sonona duniani ilitokana na dawa ya TB. Hiyo si ndiyo ushahidi? Ukiua bakteria, huzuni inakwisha.

#9 MwalimuBaiolojia
Pole kwa uliyopitia fundi, na hongera kumaliza dozi.

Hadithi ya dawa ni ya kweli ila ushahidi wake unaelekea upande mwingine. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View, New York, wagonjwa wa TB walipewa iproniazidi. Wakachangamka kupita kiasi, wakala, wakawa wanacheza wodini huku mapafu yao bado yana matundu. Mwaka 1957 daktari Nathan Kline na wenzake wakaitumia kwa wagonjwa wa sonona. Lakini haikufanya kazi kwa kuua bakteria. Ilizuia kimeng'enya kinachovunja serotonini na wenzake kwenye ubongo. Ndugu yake isoniazidi, uliyoimeza wewe, inaua TB vizuri sana na haikuwa maarufu kwa kuchangamsha watu namna ile. Iproniazidi baadaye iliondolewa kwa kuharibu maini.

Ila huzuni yako ya miezi miwili naiamini kabisa, na maelezo ya WaKisauni yanaitosha: mwili ulikuwa vitani.

#10 FundiBombaNjombe
Asante mwalimu. Nimekubali nusu. Nusu nyingine nabaki nayo.

#11 Msafwa_Mkongwe
Mmezungumza kinga, bakteria mmewaruka. Kazi ya Cork, Ireland, ya mwaka 2016: walichukua kinyesi cha watu wenye sonona wakakiingiza kwenye matumbo ya panya ambao bakteria wao walikuwa wamepunguzwa kwa antibiotiki. Panya wengine walipewa cha watu wazima wenye afya. Wale waliopata cha wagonjwa wakapoteza hamu ya maji ya sukari na wakawa waoga. Panya hajafukuzwa kazi, hajaachwa na mchumba, hajafiwa. Huzuni ya mtu imehama kwa kinyesi! Nyie mnataka nini tena?

Na mwaka 2011 haohao wa Cork na wenzao wa Canada waliwalisha panya laktobasila wa aina moja, bakteria wa jamii ya wale wa mtindi, hofu ikapungua. Walipokata neva ya vagasi, ule mshipa wa fahamu unaoshuka toka kichwani hadi tumboni, faida ikapotea. Maana yake simu ipo, na waya wake unajulikana.

#12 KaptenMashua
Nilisema mtindi! Mkanikalia kooni.

#13 MaabaraZamuUsiku
> KaptenMashua alisema: Nilisema mtindi!

Subiri kwanza kapteni, usishushe tanga. Bakteria huyohuyo wa panya wa 2011 walimjaribu kwa wanaume 29 wenye afya, matokeo yakatoka 2017: hakuna tofauti na kidonge kitupu. Na watafiti walewale wa Ireland ndio waliotangaza kwamba haijafua dafu, nawaheshimu kwa hilo. Mtindi ni chakula kizuri, mwache binti anywe. Lakini usimwambie mtu aliyezama kwamba mtindi utamtoa.

#14 MwalimuBaiolojia
Swali langu kwa Msafwa ni la kuku na yai. Mwaka 2019 Ubelgiji walipima bakteria wa watu 1,054, wakaona wenye sonona wana upungufu wa jamii mbili, Koprokokasi na Dialista, hata baada ya kuondoa athari za dawa za sonona. Vizuri. Sasa mtu mwenye sonona hali vizuri, halali, hatembei, anavuta sigara zaidi. Je, bakteria wamemshusha moyo, au moyo uliposhuka chakula kikabadilika na bakteria wakaondoka?

Msongo wenyewe pia hubadilisha tumbo. Kila aliyekaa kwenye mtihani wa kidato cha nne anajua alivyokimbilia chooni asubuhi ile.

#15 Msafwa_Mkongwe
Mwalimu, kuku na yai wote wapo, na wanakula pamoja. Wajapani wa Kyushu mwaka 2004 walionyesha kwamba panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja hutoa homoni za msongo nyingi kupita kiasi wakibanwa. Wakipandikiziwa bifidobakteria, jamii moja ya bakteria wa utumboni, mapema, wanatulia. Wakicheleweshwa hadi ukubwani, haisaidii kama ile ya utotoni. Kwa hiyo bakteria ndio wanaopanga tangu mwanzo mwili utaupokeaje msongo.

#16 Mpangaji_wa_Eyasi
Nimefanya kazi miaka kadhaa kuzunguka Ziwa Eyasi, kwa hiyo bifidobakteria wakitajwa lazima niseme. Mwaka 2014 watafiti walipima Wahadza 27, wale wawindaji wa huko, wakawalinganisha na Waitaliano wa Bologna. Wahadza watu wazima hawakuwa na bifidobakteria, hao tunaoambiwa ndio wazuri na kuuziwa kwenye vikopo. Lakini jumla ya aina za bakteria ilikuwa kubwa kuliko ya Waitaliano. Na mwaka 2017 ikaonekana bakteria wao wanabadilika na majira: kiangazi cha nyama na mizizi, masika ya asali na matunda, wengine wanatoweka kisha wanarudi.

Nachosema ni kwamba hakuna orodha moja ya bakteria wa furaha inayofaa dunia nzima. Ukiona mtu anauza orodha, shika mfuko wako.

#17 JiraniWaMeru
Na Kilimanjaro je? Mwaka 2025 zimetoka habari za vijana wa kiume 77 wa kaskazini. Waliozoea chakula cha asili wakapewa chakula cha kizungu wiki mbili, mikate myeupe, soseji, chipsi. Damu yao ikaonyesha dalili za mwako wa ndani, yaani kinga iliyowaka, na seli za kinga zikawa dhaifu zikikutana na vimelea. Waliogeuziwa upande wa pili, toka chakula cha kisasa kwenda ndizi, maharage na mboga, mwako ukashuka. Na kundi la tatu likapewa mbege, pombe yetu ya ndizi, wiki moja, nao mwako ukashuka! Wachaga tulijua zamani.

#18 Mlei
Hahaha, JiraniWaMeru kapata cheti cha hospitali cha kunywa mbege.

#19 Nesi_wa_Wodi_Tatu
Nimecheka pia, ila niseme kama nesi. Kazi ile ilipima kinga na damu, haikupima sonona. Na mbege ina pombe. Mtu mwenye sonona, tena aliye kwenye vidonge, pombe inamrudisha nyuma. Wodini nawaona kila wiki walioanza kwa "kidogo cha kuchangamsha damu". Mleta mada, usimpe mdogo wako mbege.

#20 JiraniWaMeru
Sawa nesi, nimekosea kuliweka hivyo. Kwa mgonjwa, hapana.

#21 binti_Pangani
Nimesoma yote kimya. Naomba niseme na mimi, maana naona binti mwenyewe amesahaulika kwenye mabakteria.

Nilipata sonona baada ya kumzika mume wangu, 2019. Tumbo langu pia liliharibika vibaya, nikapimwa kila kitu. Hakuna aliyeniuliza nimefiwa na nani. Walinipa dawa za minyoo mara tatu. Kilichoninyanyua ni vidonge pamoja na kikundi cha wanawake wanane tuliokuwa tunakutana kila Jumatano kwa jirani, kila mtu anasema lake na wenzake wanasikiliza. Tumbo lilitulia lenyewe mwezi wa nne.

Baadaye mtu alinieleza kwamba Uganda, wilaya za Masaka na Rakai, walijaribu jambo kama hilo kwenye vijiji 30. Matokeo yalitoka 2003. Vijiji vilivyopata vikundi vya kuzungumza, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5. Vijiji visivyopata, asilimia 54.7. Hakuna aliyepewa mtindi wala kidonge. Ni watu kukaa na kuzungumza, kwa wiki 16.

#22 MwalimuBaiolojia
Dada Pangani, asante. Hili linanipa kazi ya kufikiri.

#23 NyotaYaTandale
Wakuu nimewasoma wote, Mungu awabariki. Bandiko la dada binti_Pangani limenichoma, kwa sababu kuna kitu sikusema mwanzo.

Mwezi wa pili, kabla ya dozi, tulimzika bibi. Yeye ndiye aliyemlea mdogo wangu toka akiwa na miaka mitatu, mimi nilikuwa bweni. Msibani hakulia. Alihudumia wageni siku zote, akapika, akaosha vyombo. Maumivu ya tumbo yalianza wiki hiyohiyo. Sikuyaunganisha. Sasa sijui hata nini kilianza.

#24 binti_Pangani
Pole mwanangu. Pole sana.

#25 WaKisauni
Pole dada. Na huenda vyote ni kweli kwa pamoja: msiba ukaushusha mwili, kinga ikawaka, antibiotiki zikavuruga tumbo lililokuwa tayari limechoka. Bristol huko Uingereza walifuata watoto zaidi ya 4,000. Waliokuwa na IL-6 ya juu wakiwa na miaka 9 walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mfadhaiko wakifika 18. Kwa hiyo wako watu wanaofikiwa na msiba hali kinga yao ishapashwa moto tangu utotoni.

#26 MwalimuBaiolojia
WaKisauni, hilo ni zuri, lakini uwezekano mkubwa si hatima. Wengi wa watoto hao hawakupata sonona. Na binti aliyefiwa na aliyemlea ana sababu ya kutosha ya kuzimika bila kuitafuta kwenye damu. Naogopa tukipata molekuli ya kila huzuni tutaacha kuuliza nani kafa.

#27 MaabaraZamuUsiku
Mwalimu, nakuelewa, ila molekuli ina faida yake. Marekani, 2013: watu 60 ambao dawa za sonona zimegoma walipewa infliksimabu, dawa ya kuzima mwako ya wagonjwa wa baridi yabisi. Kwa jumla haikuishinda dripu isiyo na dawa. Lakini ukiwatenga wale ambao CRP, kipimo cha mwako kwenye damu, ilikuwa juu ya 5, hao walipata nafuu. Wenye CRP ya chini walifanya vizuri zaidi kwenye dripu isiyo na dawa. Maana yake neno sonona limefunika magonjwa zaidi ya moja. Wa binti_Pangani ulitaka kikundi. Mwingine anataka kuzimwa moto. Kumpima mtu si kumnyima masikio.

#28 Msafwa_Mkongwe
Hapo hujamtaja wa tatu, anayetaka chakula. Australia 2017, watu 67 wenye sonona, wiki 12: waliosaidiwa kula mboga, kunde, samaki, nafaka zisizokobolewa, asilimia 32 walitoka kwenye sonona. Waliopata mtu wa kuongea naye tu, asilimia 8.

#29 MwalimuBaiolojia
Na kila mmoja alijua yuko kundi gani. Matumaini nayo ni dawa.

#30 DawaAsiliaBora
Ndugu, tatizo ni sumu tumboni. Tuna unga wa kusafisha utumbo wote ndani ya siku 7, sonona, nguvu, uzito, kisukari. Njoo inboksi.

#31 Nesi_wa_Wodi_Tatu
Wasimamizi, ondoeni hili. Na kwa wanaosoma: miaka ya 1910 na 1920, huko Trenton Marekani, daktari Henry Cotton aliamini wazimu unatokana na sumu ya vimelea waliojificha mwilini. Aling'oa wagonjwa meno, akaendelea kuwakata utumbo mpana. Wengi walikufa baada ya kukatwa, naye akawa anatangaza mafanikio. Wazo la tumbo na akili si jipya, na limeshaua watu. Binti anayeharisha miezi miwili ukimpa unga wa kumharisha zaidi unammaliza.

#32 Mlei
Kwa hiyo tumpe nini ale? Maana hali.

#33 FundiBombaNjombe
Togwa. Mimi niliweza togwa tu wakati wa TB. Haina pombe ukiinywa changa, inateremka hata kama huna hamu.

#34 WaKisauni
Fundi, hiyo togwa yapikwaje? Sisi uji wa kuchachua twaujua, ila togwa nimeisikia tu.

#35 FundiBombaNjombe
Pika uji wa dona uwe mzito kidogo. Uache upoe hadi uvumilie kidole. Tia unga wa kimea cha ulezi, koroga, utaona uji unalegea wenyewe na kuwa mtamu. Funika, ulale usiku mmoja. Asubuhi una ukakasi mwembamba, kunywa siku hiyohiyo. Siku ya tatu hiyo ni habari nyingine, nesi atakuja.

#36 Nesi_wa_Wodi_Tatu
Nitakuja kweli. Vyombo viwe safi na maji yawe yamechemshwa.

#37 NyotaYaTandale
Mrejesho kidogo. Jumatatu nilimsindikiza kliniki, nikamweleza daktari habari ya bibi na ya tumbo, vyote viwili. Vidonge anaendelea navyo. Amepangiwa mshauri nasaha kila Alhamisi na vipimo vya damu na choo vimerudiwa. Mama bado ana lake, lakini ameacha kumpeleka kwa yule mzee. Baba mdogo nilimsomea bandiko la WaKisauni la malaria, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema yeye mwaka jana alipougua alimfukuza hata mjukuu chumbani.

Jana usiku mdogo wangu alilia kwa ajili ya bibi. Mara ya kwanza. Nililala chumbani kwake.

#38 binti_Pangani
Endelea kulala naye. Alhamisi akirudi usimuulize wamezungumza nini, muulize tu kama njiani kulikuwa na foleni.

#39 KaptenMashua
Dada, naomba radhi kwa ile kauli ya kuacha vidonge. Nimesoma uzi mzima toka juu. Ila mtindi siuachi.

#40 WaKisauni
Fundi, kimea cha ulezi huku sokoni sikioni. Naweza kutumia cha mtama?

#41 FundiBombaNjombe
Unaweza, ila uote vizuri kwanza, siku tatu hivi kwenye gunia bichi, ndipo uanike na kusaga.